Jukwaa Halipandi Kitonga: Mafunzo Niliyopata kwa Kutazama Maonyesho ya Zamani

Wanamuziki wakubwa wa dunia hawapandi mlima wa Kitonga kuja huku kwetu. Wakija Tanzania huishia Dar es Salaam, wakizidi sana Arusha au Zanzibar, kisha hao, wamepaa. Sisi wa Iringa na Mbeya tunaletewa wasanii wa Bongo Fleva mara moja moja, kwenye uwanja wa Samora au wa Sokoine, wengi wao wakichezesha midomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa huku besi ikitikisa mabati ya majirani. Sina ugomvi nao, vijana wanakula kwa jasho lao. Lakini mtu aliyelelewa na redio, akapenda magitaa yanayosemezana na tarumbeta zinazoingia kwa zamu, huyo jukwaa lake limekuwa skrini.

Nimezaliwa Iringa, riziki yangu iko Mbeya. Jumapili mchana, ibada zikiisha, tunakutana watu wachache kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipuri pale Mwanjelwa. Yupo mpiga gitaa wa kwaya, yupo dereva wa malori ya Zambia, yupo mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu na kumwamkia shikamoo hata tukiwa tumebishana naye wiki nzima. Tunatazama maonyesho ya laivu ya zamani: Franco, Bob Marley, Queen, James Brown kule Kinshasa, Woodstock. Zamani tulikuwa na deki na mikanda iliyokwaruzwa, baadaye DVD za kuchoma, sasa flashi na bando.

Swali tunaloulizwa majumbani mwetu ni lile lile: mnatazamaje kitu kimoja kila siku, si ni nyimbo zile zile? Haya ndiyo majibu yangu.

1. Mkanda hukuonyesha mkono

Sauti ya gitaa la Franco Luambo Makiadi niliijua kabla sijajua kusoma. Redio ilimpiga, baa za Miomboni zilimpiga, na alipofariki Oktoba 1989 watu walikaa mabarazani Iringa wakimjadili kana kwamba alikuwa wa mtaa wa pili. Ukimsikiliza tu, unaweza kuapa kwamba solo ile inapigwa na watu wawili.

Kisha unamwona kwenye mkanda wa bendi yake, TPOK Jazz. Mtu mnene ameketi kwenye kiti, gitaa limelala juu ya tumbo, uso kama wa mteja anayesubiri chenji. Hana haraka. Kidole gumba kinashuka kwenye uzi mmoja, kidole cha shahada kinapanda kwenye mwingine, noti mbili zinatoka kwa pamoja, na hao ndio wale watu wawili.

Mpiga gitaa wetu ndiye anayeshika rimoti, na hapo ndipo Jumapili yote huishia. "Rudisha." Anarudisha mwenyewe. "Tena." Ananyoosha mkono wa kushoto hewani, anabana nyuzi zisizokuwepo, kidole cha tatu kinatafuta mahali pa kukaa. "Mnaona? Haendi juu. Anabaki pale pale, anabadilisha kidole tu." Dereva wa lori analalamika kwamba tumekaa dakika 20 kwenye sebene ya dakika tatu. Hakuna anayemjibu.

Jambo lenyewe ni hili. Katika muziki wa Kongo, kati ya solo na rizimu kuna gitaa la tatu, wanaliita mi-solo. Kwenye kaseti limezikwa katikati, wengi hawajui kama lipo. Ukishamwona mpigaji wake amesimama pembeni, macho chini, akirudia kile kifungu chake bila kuchoka huku wenzake wakipigiwa makofi, basi tangu siku hiyo utamsikia kila wimbo unapopigwa, hata ndani ya daladala yenye spika mbovu. Sikio linamkosa kwa sababu halijui pa kumtafuta. Mpenzi wa muziki anarudi kwenye mkanda ule ule kwa sababu hii: safari hii anamtazama mwingine. Leo mi-solo, Jumapili ijayo mpiga konga, ile nyingine mtu wa besi ambaye hakuna aliyewahi kulijua jina lake.

2. Kamera ina upendeleo wake

Ukiwa ukumbini unatazama unapotaka. Mbele ya skrini unatazama alikotaka mwenye kamera, na mara nyingi alikotaka ni kwa mwimbaji. Solo imeanza, vidole vinawaka moto, na kamera iko kwa mwimbaji anayejifuta jasho! Mama Mwalimu huwa anasonya kwa sauti. Kwenye mikanda mingi ya bendi za Kiafrika ya miaka ya 1980 hadi 1990 ni hivyo hivyo, au basi kamera imeshuka kwa wanenguaji na haipandi tena.

Ndiyo maana tunaiheshimu filamu ya Martin Scorsese, The Last Waltz, ya onyesho la mwisho la kundi la The Band huko San Francisco, tarehe 25 Novemba 1976. Scorsese alipanga mapema, wimbo kwa wimbo, kamera ipi imfuate nani na lini. Alitumia kamera kubwa za sinema, na kamera zile hula filamu haraka, lazima zipumzishwe na kujazwa. Ilipofika zamu ya mzee Muddy Waters, kamera karibu zote zilikuwa zimezimwa. Mpigapicha mmoja, László Kovács, alikuwa ameshavua spika za masikioni kwa kuchoshwa na maelekezo yasiyokwisha, hivyo hakusikia amri ya kusimama. Akaendelea kupiga. Karibu wimbo mzima unaouona leo umetoka kwenye jicho la kamera hiyo moja, inamsogelea yule mzee taratibu, haimwachi. Kwa maoni yangu ndicho kipande bora kuliko vyote katika filamu nzima, pamoja na mipango yote ile.

Woodstock, iliyotoka 1970, ilikuja na dawa nyingine: kuigawa skrini mara mbili au tatu, hapa mpiga gitaa, pale umati kwenye matope. Katika chumba chetu, kwenye televisheni ya inchi 32, dawa hiyo ni sumu. Kila picha inakuwa saizi ya stempu.

3. Utamu uko mahali panapoweza kuharibika

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya kwaya. Walutheri wa Iringa, Wamoraviani wa Mbeya na Rungwe, Wakatoliki kila mahali. Jumamosi jioni ukipita mtaani utasikia sauti nne zikifanya mazoezi nyuma ya kila kanisa. Kwaya zetu zimetoa video nyingi, na karibu zote ni za namna moja: sare zinang'aa, maua nyuma, kando ya maporomoko au bustani ya hoteli, vidole vinavyogusa kinanda kisichokuwa na waya wa umeme. Wimbo ulirekodiwa studio miezi mitatu nyuma.

Nazipenda video hizo, watu wa nyumbani wamo humo. Lakini haziwezi kunifanya nikae ukingoni mwa kiti, maana ninajua hakuna kitakachotokea. Nani atakohoa? Nani atawahi kuingia?

Linganisha na Amazing Grace, filamu ya Aretha Franklin iliyopigwa kwa siku mbili za Januari 1972 kwenye kanisa la Kibaptisti huko Los Angeles. Kanisa lenyewe ni la kawaida, dogo. Jasho linamtiririka, na anapoimba amefumba macho. Kwaya iliyo nyuma yake, ambayo kazi yake ni kuitikia, inafika mahali inasahau kazi, wanasimama mmoja mmoja, wengine wameshika vichwa. Hawajapangiwa wasimame. Mpiga gitaa wetu aliipeleka flashi hiyo kwa wanakwaya wenzake. Nasikia tangu siku hiyo mazoezi yao yamekuwa marefu zaidi.

Kundi la Talking Heads nalo liliielewa siri hii. Filamu yao, Stop Making Sense, ilipigwa Hollywood Desemba 1983. Inaanza na David Byrne peke yake kwenye jukwaa tupu, gitaa na redio kaseti miguuni. Wimbo wa pili anaongezeka mtu wa besi. Wa tatu, mafundi waliovaa nguo nyeusi wanasukuma ngoma kutoka gizani, mbele ya macho yako. Mpaka bendi inakamilika umeona kila kiungo kikifungwa, na umati wenyewe huoni karibu mpaka wimbo wa mwisho. Muziki wao si wangu sana, nakiri ladha yangu iko kusini mwa Sahara. Ila kwa kuonyesha bendi inavyojengwa, sijaona filamu ya kuishinda.

4. Mzanzibari mwenye fulana nyeupe

Hapa ndipo chumba hugawanyika.

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, kwa wazazi Waparsi. Alisomeshwa shule ya bweni India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikoitwa Freddie Mercury na kuunda Queen. Dereva wetu husema huyo ni wetu, yamekwisha. Mwenye duka la vipuri hujibu kwamba mtu aliyeondoka na miaka 17, na ambaye hakuwa na mazoea ya kuizungumzia Zanzibar hadharani, hawezi kudaiwa kama ng'ombe aliyepotea. Mimi naona wote wawili wanabishana juu ya cheti cha kuzaliwa wakati mkanda uko mbele yao.

Tazama onyesho la Live Aid, uwanja wa Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Mkutano ule wa muziki uliitishwa kuchangia wenye njaa Ethiopia. Queen walipewa muda mfupi kama wengine, wakautumia dakika kama 21. Anaingia mbio, anaketi kwenye piano ambayo juu yake kuna vikombe vya karatasi vya vinywaji, vingi, kama meza ya kijiweni ambayo hakuna aliyeifuta. Nimekitazama kipande hiki mara nyingi kwa ajili ya vikombe hivyo tu. Watu zaidi ya 70,000 uwanjani, dunia nzima kwenye televisheni, na piano haijatayarishwa kwa ajili ya picha. Imetayarishwa kwa ajili ya kazi.

Halafu anaacha kuimba na kuanza kuimbisha. Anatupa sauti, uwanja unairudisha. Anairefusha, wanairefusha. Anaipinda, wanaipinda, kisha anawacheka kidogo. Mara ya kwanza Mama Mwalimu kuliona hilo alisema, "Huyu ni mwimbishaji. Mngempeleka kwenye ngoma yoyote ya Wahehe, angeongoza." Sijui kama Freddie alijifunza hilo Mji Mkongwe, Bombay au London, na halinisumbui. Ninachokiona ni mtu anayejua kwamba waitikiaji ni nusu ya wimbo.

Mashabiki wa kweli hawaishii Live Aid. Wanakwenda kwenye onyesho la Montreal, lililopigwa kwa filamu ya sinema tarehe 24 na 25 Novemba 1981. Hapo hakuna uwanja wala mchana. Ni ukumbi, giza, na kamera iliyo karibu kiasi cha kuona mishipa ya shingo. Sauti yake ni kali zaidi kuliko Wembley, bendi inapiga kwa hasira zaidi. Nikipewa nichague mmoja nibaki nao, nachagua Montreal. Na mjue kwamba miaka kumi kamili tangu usiku ule wa kwanza, tarehe 24 Novemba 1991, alifariki.

Kuna jambo moja linaloniuma kila tukitazama Wembley. Siku ile, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar ilikuwa na yake, ya rangi, tangu miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka 1994. Yaani siku mtoto wa Mji Mkongwe alipoushika ulimwengu mkononi, Iringa na Mbeya tulikuwa na redio za betri.

5. Mkalimani hatakiwi

Kwenye vibanda umiza, filamu ya Kichina au ya Kihindi haiendi bila mtu wa kutafsiri; wazee wa video bado wanamkumbuka Lufufu na vituko vyake. Mkanda wa muziki hauhitaji mtu huyo. Chumba chetu hakina anayejua Kilingala zaidi ya maneno ya mapenzi, na Kiingereza cha waimbaji wa roki hata Mama Mwalimu, aliyekifundisha, hukishindwa. Hakuna aliyewahi kutoka nje kwa sababu hiyo.

Kinachoweza kuuharibu mkanda wa muziki si lugha, ni mahali pa kuutazamia, na basi la mkoani ni ukumbi mbaya kuliko kumbi zote. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, skrini iko juu ya kichwa cha dereva, na konda akifika Mafinga anabadilisha Lucky Dube katikati ya wimbo aweke vichekesho.

6. Onyesho linaweza kulala kabatini miaka 40

Septemba 1974, kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa ilipata tamasha la usiku tatu, tarehe 22 hadi 24. Hugh Masekela na mwenzake Stewart Levine ndio walioliandaa. Pambano liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, lakini muziki ulikuwa umeshapangwa, ukapigwa. James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz na Fania All Stars, Bill Withers. Na wenyeji, Franco na Tabu Ley. Wapigapicha walikuwepo, filamu nzuri, mashine nzuri za sauti.

Ungetarajia tuione 1975. Fedha na kesi zikaingia kati. When We Were Kings, inayohusu zaidi pambano, ilitoka 1996, miaka 22 baadaye, ikapata Oscar. Soul Power, inayohusu muziki wenyewe, ilisubiri hadi 2008. Miaka 34! Franco alikuwa ameshazikwa karibu miongo miwili.

Ile ya Aretha ilisubiri zaidi, miaka 46. Mwongozaji Sydney Pollack na watu wake hawakutumia ule ubao unaogongwa mbele ya kamera kila picha inapoanza. Mgongano ule, kelele moja fupi, ndio unaomwezesha fundi kuulinganisha mdomo na sauti. Bila huo walibaki na masaa ya picha bubu upande mmoja na masaa ya sauti upande wa pili, na hakuna aliyeweza kuvikutanisha mpaka kompyuta zilipokuja. Baada ya hapo zikafuata kesi mahakamani, na filamu ikaonekana 2018, miezi michache baada ya mwenyewe kufariki.

Mimi hutazama Soul Power kwa ajili ya Bill Withers. Jioni ile yenye makelele yote, anakaa kwenye kiti na gitaa moja, anaimba wimbo wa polepole kabisa, na umati wa Kinshasa uliokuja kurukaruka unamsikiliza. Bila filamu hiyo, hilo nisingelijua. Kama kabati lile lingeungua au kuingia maji, onyesho hilo lisingekuwepo kabisa. Tungebaki na wazee wa Kinshasa wanaosema "tulikuwepo", na sisi tungewaambia wanatia chumvi.

7. Roki ilikuwa kwa jirani

Watu wa Mbeya hupenda kusema roki ni ya Wazungu. Waende Tunduma, wavuke, wapande treni ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa 1976, inapita hapa hapa Mbeya, na mwisho wake ni mlango wa Copperbelt, ambako vijana wa Zambia wa miaka ya 1970 walikuwa wakipiga roki yenye magitaa ya kukwaruza na midundo ya kwao. Leo dunia inaiita Zamrock. Serikali ya Kaunda ilitaka redio ipige zaidi muziki wa Wazambia, migodi ya shaba ilikuwa na fedha, na makundi yakachipuka. Lililovuma kuliko yote liliitwa WITCH, mwimbaji wake Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, jina alilolifinyanga kutokana na la Mick Jagger.

Bei ya shaba ilianguka, kisha ukaja Ukimwi ukawachukua wengi wao. Chanda akaishia kuchimba vito. Mwaka 2019 ikatoka filamu juu yake, ya Mwitaliano Gio Arlotta: mzee anatafutwa, anakusanyiwa vijana wa kumpigia, anarudi jukwaani Ulaya, na umati unaoimba naye haukuwa umezaliwa. WITCH walitoa albamu mpya 2023. Dereva wetu, ambaye amepeleka mizigo Kitwe nusu ya maisha yake, alikaa kimya filamu nzima, kisha akasema amepita mtaa unaoonekana humo mara nyingi na hakuna aliyemwambia.

8. Baba mdogo si ushahidi

Sasa nije nyumbani.

Iringa ilikuwa na kiwanda cha kukata almasi cha shirika la umma, Tanzania Diamond Cutting Company, kwa kifupi TANCUT. Enzi zile mashirika, majeshi na jumuiya za chama zilikuwa na bendi. Zilinunua vyombo na kuwalipa wapigaji mshahara kama mafundi wengine. Ya kwetu iliitwa Tancut Almasi Orchestra. Iliimbiwa na pacha wawili waliotoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na miongoni mwa wapiga gitaa wake alikuwamo John Kitime, ambaye baadaye ameandika mengi juu ya historia ya muziki wa dansi nchini. Nyimbo kama Nimemkaribisha Nyoka na Masafa Marefu zilirekodiwa Redio Tanzania, na hadi leo ukizipiga kwenye sherehe Kihesa, kuna mtu wa makamo atakayeacha sahani yake.

Sauti tunayo. Mkono ndio hatuna. Redio Tanzania kazi yake ilikuwa kurekodi sauti, televisheni Bara haikuwepo, na ilipofika 1994 mashirika yaliyokuwa yakizilisha bendi yalikuwa yanakufa au kubinafsishwa. Pacha wale walisimama vipi? Nani alimtazama nani kabla ya kuingia kwenye kiitikio? Ninaye baba mdogo aliyekuwa mteja wa kila wikiendi. Ukimuuliza, anainuka, anashika gitaa la hewani, anasimulia. Mwezi ujao muulize tena: yule aliyekuwa kushoto amehamia kulia, na tarumbeta zimeongezeka. Ukimkumbusha alivyosema mwanzo, "Wewe mtoto, hukuwepo!" Na kweli sikuwepo. Nilikuwa nje ya ukuta na watoto wenzangu, tukisikiliza.

Picha zipo, ila si pale tunapozitafuta. Miaka ya mwisho ya 1980 na 1990 wapigapicha wachache wa Iringa na Mbeya walikuwa na kamera za VHS, wakaajiriwa kwenye harusi, na harusi ya mtu mwenye uwezo ilikuwa na bendi. Hivi karibuni ndugu zangu walinipa mkanda wa namna hiyo, umekaa kabatini Iringa tangu bwana harusi akiwa na nywele. Nikaupeleka kwa fundi wangu hapa Mbeya. Hakuuingiza kwenye deki. Aliufungua kifuniko cha mbele kwa kidole, akaunyanyua kwenye mwanga: ukingoni mwa utepe kulikuwa na unga mweupe, mwembamba, kama mahali palipomwagika chumvi. Ukungu, akasema. Akafungua skrubu tano za chini, akatoa magurudumu mawili, akaufuta utepe taratibu kwa kitambaa kikavu, meta kwa meta, akauhamishia kwenye kasha jingine, ndipo akaucheza. Keki, zawadi, mashangazi na vitenge, hotuba isiyokwisha. Kisha kamera inageuka kumtafuta mshereheshaji, na njiani inapita kwenye kona: watu sita, mashati ya aina moja, mpiga solo amemgeukia mwenye besi, anacheka. Sekunde tisa hivi. Nilimtumia baba mdogo kwenye simu. Alijibu kwa majina matatu na kunitaka nimpigie usiku, anayo mengi ya kusema kuhusu yule wa katikati.

Kwa hiyo ninawaomba wenye makabati Iringa, Mafinga, Njombe, Makambako, Mbeya, Tukuyu. Hali ya hewa yetu ya ubaridi na unyevu ni rafiki wa chai na adui wa utepe. Usiuingize mkanda wa zamani kwenye deki "kuona kama bado unafanya kazi". Wenye ukungu utachafua vichwa vya deki na unaweza kukatika. Utazame kwanza ukingoni, kwenye mwanga. Mpelekee fundi mwenye deki nzima na kifaa cha kuhamishia kwenye kompyuta, kisha nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili. Usiruke hotuba na zawadi ili kupunguza gharama, bendi imejificha humo humo. Mkanda wenyewe usiutupe. Uuweke wima, mbali na ukuta unaopitisha maji. Na mkae na mzee aliyekuwepo, mwandike majina ya wapigaji kwenye jalada, kushoto kwenda kulia. Fanyeni hivyo kiangazi hiki, kabla mvua za Novemba hazijaanza.